Mita za Kisarawe Jikoni kwa Martina

Ofisi yenyewe tusiitaje jina, maana hata mimi ninayesimulia nakunywa maji yao na sitaki yakatwe. Tuseme tu ni ofisi ya maji, iko Kibaha, ina geti la bluu, na Jumatatu moja ya mwezi wa pili ilimkabidhi Gideon Magembe vishikwambi vitatu. Akae navyo wiki mbili, afanye navyo kazi, kisha aseme kipi kinunuliwe kwa ajili ya wasoma mita wote wa Kibaha na Kisarawe.

Gideon alirudi navyo nyumbani Sofu ndani ya mfuko wa salfeti, juu kaweka mafungu mawili ya mchicha ili vibaka wasihangaike kufikiri. Mkewe Martina alikuwa barazani kwenye cherehani, anashona sketi za shule.

"Mama Juliana, njoo uone mumeo alivyoheshimiwa."

"Kwa mchicha?"

Gideon akautoa mchicha, akavipanga vishikwambi juu ya meza kimoja kimoja, kwa vidole viwili, asije akaacha alama. Cha kwanza kilikuwa chembamba, rangi ya dhahabu, kinang'aa. Cha pili kilikuwa cha kijivu, cha kawaida tu. Cha tatu kilikuwa cheusi, kinene, kimezungushiwa mpira kwenye kona zote, na kilipowekwa mezani meza ilisikika.

"Wamenichagua mimi," Gideon alisema. "Miaka kumi na tisa kazini, hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kwenda ofisini kulalamikia usomaji wangu. Hata mmoja. Bosi Hashiru mwenyewe kalisema hilo mbele ya watu."

Martina alikata uzi kwa meno, hakujibu. Alikuwa na sababu yake ya kunyamaza, nayo tutaifikia.

"Na asiyeweza kuvitumia?" aliuliza.

"Anakwenda kuchimba mitaro na vijana wa mabomba. Hashiru kasema hivyohivyo: kishikwambi au koleo, chagua."

Gideon alikuwa na miaka hamsini na sita na kiuno kilichokwisha kumwambia wazi kwamba hakitaki habari za koleo. Alibakiza miaka minne astaafu. Sasa shida yake ilikuwa ndogo sana, na ilikuwa usoni kwake mwenyewe. Alikuwa haoni karibu. Ng'ombe aliye upande wa pili wa barabara alimwona na pembe zake, lakini maandishi yaliyo mkononi aliyaona sisimizi. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo akaimba kwa kichwa, na wimbo mpya ukiletwa alikohoa beti zote nne. Miwani hakutaka kuisikia. Hashiru alikwisha kusema kwenye kikao kwamba msoma mita asiyeona ni sawa na dereva kipofu, na wote wakacheka, Gideon akiwemo, tena kwa sauti kuliko wote.

Hashiru naye, kwa taarifa yako, alikuwa anasoma barua zake kwa kuzisukuma mbali mpaka mkono unaisha. Lakini huyo ni bosi, mkono wa bosi haupimwi.

Basi nyumba hii ilikuwa na utaratibu wake, mwaka wa sita sasa. Gideon alikwenda na pikipiki ya ofisi mpaka Kisarawe, akaingia nyumba kwa nyumba na kaunta buku lake, akaandika namba kubwakubwa kwa kalamu nene. Pembeni aliandika na habari za mahali, asisahau: nani kafiwa, mbwa yupi anauma. Saa kumi na moja jioni alirudi, akanawa miguu, na Martina, ambaye macho yake yalitunga uzi kwenye sindano bila kuhangaika, akazihamisha namba zote kwenye fomu za ofisi kwa mwandiko mzuri uliowahi kusifiwa na mkaguzi. Mkaguzi alimpongeza Gideon, na Gideon akashukuru.

Kwa hiyo vishikwambi vilipokuja, hawa wawili hawakuona kuna jambo jipya la kujadili. Fomu imekuwa ya kioo, basi.

*

Mama Anifa wa Kisarawe alikuwa anapembua mchele Gideon alipopiga hodi.

"Karibu baba. Mita hiyo hapo, ila ina mwenyewe."

Gideon alifunua kisanduku cha mita. Ndani yake alikuwamo kuku mwekundu, amejaza kisanduku chote, anamtazama kwa jicho moja.

"Mama Anifa, mwezi uliopita ilikuwa mchwa."

"Mchwa wamehama. Huyu kaatamia siku ya kumi leo. Ukimtoa mayai yatapoa."

"Sasa mimi nisome nini?"

"Kwani una haraka gani na wewe? Rudi tarehe kumi na tisa, wakishatotolewa. Wewe mwenyewe mkeo akiwa anajifungua ungekubali aje mtu amwinue asome namba?"

Gideon akaona hoja ina uzito. Akatoa kile kishikwambi cha dhahabu apige picha ya kuku, iwe ushahidi. Jua la saa sita lilikuwa juu yao, na kioo kikawa kioo kweli: kilionyesha mawingu, paa la bati, na uso wake Gideon. Mama Anifa akasogea, akajitazama humo, akaurekebisha mtandio wake, akasema kinafaa sana.

"Kinaitwaje hiki?"

"Hakina jina."

"Mwite Bibi Harusi. Anapendeza, ila kazi hafanyi."

Jina likashika. Cha kijivu nacho kilipewa lake siku ya tatu, kwa sababu kila baada ya saa mbili kilizima na kuhitaji chaji, na Gideon alilazimika kuomba umeme kwenye duka la vipuri akikaa nacho kama anayeuguza. Huyo akawa Mgonjwa. Cheusi kilianguka kutoka kwenye pikipiki barabara ya Mpuyani, kikabingirika, kikaingia kwenye tope. Gideon alikiokota roho mkononi, akakiosha bombani kama sahani, kikawaka. Hicho kikaitwa Tofali, na hakikuonekana kukasirika.

*

Jioni ya siku ile ya tope, jikoni Sofu, Martina alikuwa amekaa kwenye kigoda, sufuria ya maharage motoni, Tofali kwenye mapaja. Gideon alikuwa mlangoni na daftari lake.

"Namba imeingia," Martina alisema. "Sasa kinadai maoni. Usipoandika maoni kinagoma, hakikubali kwenda nyumba inayofuata."

"Andika."

"Niandike yapi?"

"Si yamo humo pembeni kwenye daftari?"

"Yote?"

"Yote. Wametaka maoni, wapewe."

Naomba neno hilo likumbukwe, kwamba ni yeye aliyesema, kwa kinywa chake, akila karanga. Martina alikuwa mtu wa kunakili. Ukimpa kipimo cha kiuno anashona kipimo hicho, hapunguzi wala haongezi. Akanakili maoni yote, nyumba kwa nyumba, koma kwa koma. Alijifunza kuzikuza herufi za Tofali kwa vidole viwili. Alilishika na mikono yenye unga, likakubali. Moto ulipozidi jikoni alihamia chini ya mlimao, na siku moja alikwenda nalo chooni akisubiri ndoo ijae. Alimjaribu Bibi Harusi mara moja, tone moja la mchuzi likamwangukia, akaanza kujiandikia mwenyewe, tatu tatu tatu, mpaka alipofutwa.

Kwa wiki mbili ziliingia nyumba mia moja themanini na sita. Gideon alilala vizuri siku zote hizo.

*

Jumanne ya wiki ya tatu aliitwa ofisini. Alimkuta Nuria, binti wa kompyuta, na nyuma yake Hashiru amesimama, mikono mifukoni.

"Mzee wangu, shikamoo," Nuria alisema. "Kaa kwanza."

"Marahaba. Kuna nini?"

Nuria aligeuza kompyuta. "Hii ramani. Kila kidoti chekundu ni mita moja. Unapoingiza namba, kishikwambi kinaandika na mahali ulipo wakati huo."

"Sawa."

"Sasa Kisarawe hii hapa. Haina kidoti hata kimoja." Akaisogeza ramani taratibu, kama mtu anayefunua maiti. "Na hapa ni Sofu. Vimekusanyika. Nikakuza, nikakuza tena, mpaka nikaona bati. Mita mia moja hamsini na tano ziko jikoni kwenu, mzee. Thelathini ziko uani, nadhani kuna mti pale."

"Mlimao," Gideon alisema, kabla hajajizuia.

"Na moja iko chooni," Hashiru aliongeza. "Mzee Magembe, yaani umetuhamishia Kisarawe nzima nyumbani kwako."

"Mkuu, sikujua kama kinaona nilipo."

"Ungejua ungefanyaje?"

Swali hilo halikuwa na jibu zuri. Angesema mke wangu ndiye anayeingiza, wangemuuliza kwa nini. Na hiyo kwa nini ilikuwa inakwenda moja kwa moja machoni kwake, na kutoka machoni ilikuwa inakwenda mitaroni.

"Umekaa kivulini unatunga namba," Hashiru alisema, na alikuwa anafurahi, nisimfiche. "Halafu nakusifia mbele za watu. Ijumaa kuna kikao, anakuja Bi Mwanahalima kutoka makao makuu kupitisha ununuzi. Utaleta maelezo. Barua yako ya kwenda kwa vijana wa mabomba nimeshaichapa, nasubiri saini tu. Funguo za pikipiki weka hapo."

Getini, mlinzi aliyekuwa akimpigia saluti kwa miaka yote hiyo alimsogezea kitabu cha wageni.

"Mimi mgeni?"

"Nimeambiwa, mzee. Usinielewe vibaya. Saini hapo kwenye mstari."

Gideon aliinama. Mistari hakuiona. Akasaini panapoonekana peupe, na saini yake ikapita juu ya majina ya watu wawili na namba ya gari. Mlinzi aliitazama, akasema asante mzee, na hiyo asante ndiyo iliyomuuma kuliko maneno ya Hashiru.

*

"Waambie macho," Martina alisema. "Basi. Ni macho, si wizi."

"Siwezi."

"Miwani iko kwenye droo ya cherehani tangu Pasaka ya mwaka juzi. Nilikununulia kule Maili Moja nikakuonyesha, ukaniambia nimpelekee baba yangu."

"Nikivaa leo watauliza tangu lini sioni. Hiyo tangu lini ndiyo itakayonimaliza."

"Kwa hiyo bora waseme mwongo?"

"Mwongo anaweza kusamehewa. Kipofu anapewa koleo."

Martina alisimamisha cherehani. Alikuwa amekasirika sasa, na akikasirika alikuwa anaongea polepole. "Baba Juliana, mimi nimekaa kwenye moshi miaka sita naandika kazi yako. Sijadai mshahara. Sijadai hata asante, maana asante zote walikuwa wanakupa wewe. Lakini kuitwa mtu anayetunga namba, hapana. Hizo namba nimeziandika mimi. Ijumaa nakuja na wewe."

"Kufanya nini kwenye kikao cha ofisi?"

"Mita zao ziko jikoni. Jiko ni la nani?"



*

Siku ya Ijumaa vishikwambi vitatu vilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Bi Mwanahalima alikuwa mama mnene mwenye baibui na miwani iliyoning'inia kwa mnyororo wa shanga, mtu ambaye hasemi sana na anaandika kila kitu. Hashiru alikuwa amekwisha kuongea dakika ishirini juu ya kile cha dhahabu.

"Kina hadhi," alikuwa anamalizia. "Msoma mita wetu akiingia nacho mahali, mteja anajua huyu ametoka ofisi inayojiheshimu. Hiki cheusi ni kama cha fundi gereji. Kuhusu majaribio, kwa bahati mbaya mjaribu mmoja ametuangusha. Barua yake iko hapo chini ya faili, mama, inahitaji saini."

Mlango ukabishwa. Akaingia Gideon, na nyuma yake Martina kwa gauni la kanisani, kaunta buku amelifunga kwenye kitenge.

"Mama, samahani, hiki si kikao cha familia," Hashiru alisema.

"Najua, mkuu. Shikamoo mama," Martina akamsalimu Bi Mwanahalima. "Nimesikia kuna mita za ofisi zipo jikoni kwangu. Nimekuja kuuliza nani atakuja kuziondoa, maana nataka kupika."

Nuria akainama kutafuta kalamu chini ya meza, ingawa kalamu ilikuwa sikioni kwake.

"Marahaba," alisema Bi Mwanahalima. "Kaa, mwanangu. Eleza."

Martina akaeleza. Mumewe anakwenda nyumba kwa nyumba, anaandika daftarini. Yeye anaingiza jioni. Kidoti kinaonyesha alipokaa mwandishi, si alipokwenda msomaji.

"Na kwa nini uingize wewe?" Bi Mwanahalima aliuliza.

Martina akamtazama Gideon. Gideon akaitazama feni. Hashiru akaingilia.

"Mama, hizi hadithi tu. Ushahidi uko wapi kwamba huyu mzee alifika Kisarawe?"

"Kwenye maoni," Martina alisema. "Mtu aliyekaa kivulini hawezi kuyajua yale. Someni."

"Maoni," Hashiru alicheka. "Haya, tuyasome hayo maoni ya jikoni, tufurahi."

Akanyoosha mkono kumchukua Bibi Harusi, maana maoni yalikuwa yanafunguka kwenye vyote vitatu. Nuria, ambaye maoni yote mia moja themanini na sita alikuwa ameshayasoma tangu Jumanne, mengine mara mbili, alijiwa na huruma kidogo.

"Mkuu, chukua hiki cheusi basi, herufi zake zimekuzwa."

"Nitatumia kile tunachonunua."

"Au niwasomee mimi."

"Nani kakwambia mimi siwezi kusoma?"

Nuria akamwacha. Huruma ina mipaka yake.

Hashiru akamsukuma Bibi Harusi mbali mpaka mkono ukaisha. Dirisha lilikuwa nyuma yake na mwanga ulikuwa unapiga kwenye kioo. Akakunja uso, akaanza kulikamata neno moja moja, akilisema kabla hajajua linalofuata.

"Nyumba ya... Mama Anifa. Kuku... ameatamia ndani ya mita. Nisimsumbue. Nirudi tarehe... kumi na tisa." Akacheka peke yake. "Nyumba ya kona. Mbwa mweupe... mkali. Mweusi anabweka tu. Nyumba ya bati jekundu. Wamefiwa. Nimekaa... matangani, mita sijasoma, si vizuri. Nyumba ya mwalimu. Mita nzima, mwenye nyumba... ndiye mbovu. Mama, unaona upuuzi huu?"

"Naona alifika," Bi Mwanahalima alisema, anaandika. "Endelea."

Gideon ghafla akakumbuka. Aliikumbuka nyumba inayofuata, ukuta wake, bustani yake, na alichokiandika pembeni ya daftari kwa hasira yake mwenyewe.

"Mkuu, nadhani inatosha," alisema.

"Haitoshi. Umeandika mwenyewe, tulia usikie." Hashiru akausukuma mkono mbele zaidi, ingawa ulikuwa umekwisha. "Nyumba ya... Bi Siwema. Mke... mdogo... wa... bosi... Hashiru."

Angeshika Tofali angeiona sentensi yote kwa mara moja, angeiruka, angesema tunaendelea. Lakini mdomo ulikuwa umetangulia na macho yanafuata nyuma.

Hashiru akamshusha Bibi Harusi mezani, kifudifudi.

"Hiki kimeisha chaji," alisema.

"Kina asilimia tisini, mkuu," Nuria alisema kwa adabu.

"Endelea, Hashiru," alisema Bi Mwanahalima. Alikuwa ameweka kalamu chini kwa mara ya kwanza. "Sijasikia mwisho."

"Mama, haya ni mambo ya..."

"Nuria, nisomee."

Nuria akachukua Tofali. Alilisoma vizuri, bila kukwama hata mahali pamoja. "Nyumba ya Bi Siwema, mke mdogo wa bosi Hashiru. Mita imezikwa kwa saruji. Maji yanamwagilia bustani mchana kutwa. Bosi kasema nisiandike chochote. Sijaandika."

Bi Mwanahalima alivaa miwani yake, akamtazama Hashiru.

"Mimi na mkeo Bi Kidawa tuko kikoba kimoja cha akiba," alisema. "Jumapili iliyopita tumekaa naye mchana kutwa. Hajaniambia kwamba ana mwenzake."

Hashiru aliinuka, akasema anaomba kutoka kidogo kupiga simu. Tunaambiwa alitaka kuwahi kumweleza mkewe kabla hajaelezwa na wengine. Tunaambiwa pia kwamba hakuwahi, ila hayo ni ya nyumba nyingine na sisi tuna yetu hapa.

"Jumatatu fundi aende na nyundo akaivunje hiyo saruji," Bi Mwanahalima alisema. "Sasa, mwanangu Martina. Wewe ndiye umekaa na hivi vitu. Kipi kizuri?"

"Hicho cheusi, mama. Kizito, lakini kimeanguka na hakijafa. Juani kinasomeka, nilikitoa uani nikajaribu. Herufi zinakua. Ukiwa na mikono michafu kinakuelewa. Yule wa dhahabu ni wa kuwekwa kabatini. Huyu wa kijivu mpelekeni hospitali."

Bi Mwanahalima akaandika. Kisha akamgeukia Gideon, na sauti yake haikuwa kali, ndiyo maana ilikuwa vigumu kuikwepa.

"Baba, kuanzia sasa namba inaingizwa palepale mita ilipo, si jikoni. Kwa hiyo nakuuliza tena lile swali. Kwa nini ameingiza mkeo?"

Gideon alisimama.

"Sioni karibu, mama. Mwaka wa sita sasa. Niliogopa kusema, maana nilijua nitapelekwa mitaroni, na mitaro siiwezi. Nilimtwisha yeye kazi yangu na sifa nikachukua mimi."

Bi Mwanahalima alivua miwani yake, akaishika mbele yake na kuitikisa.

"Bila hii, mimi hapo ulipo nakuona kama gunia la mkaa. Kuna mtu anachapa barua ya kunipeleka mitaroni?" Akaitoa ile barua chini ya faili, akaikunja mara nne, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. "Jumatatu uje na miwani. Usipokuwa nayo, usije."

*

Walikaa kwenye benchi la wateja, karibu na geti, wakisubiri Nuria alete fomu ya majaribio isainiwe. Martina akafungua mkoba, akatoa miwani. Gideon akaigeuzageuza, akatazama huku na huku kama kuna anayemjua, akaivaa.

Kitu cha kwanza alichokiona ni viganja vyake, mistari yote, na kucha zinazohitaji kukatwa. Cha pili ilikuwa kaunta buku lililokuwa mapajani mwa mkewe. Alilivuta, akalifungua. Namba zake mwenyewe zilikuwa pale, kubwa na nene. Lakini kando ya namba kulikuwa na kitu kingine, maandishi membamba ya penseli, madogo kama kushona kwa mkono, ambayo hakuwahi kuyaona.

*Si 8, ni 3. Mita hairudi nyuma.*

Akafunua ukurasa. *Nimempigia Mama Anifa, kasema ni 5.* Akafunua mwingine. *Hii umesoma ya jirani.* Na mwingine. *Umeruka sifuri. Wangelia hawa.* Alirudi nyuma mwezi mmoja, miwili, akarudi mpaka mwaka uliopita. Hapakuwa na ukurasa uliosalimika. Akaikumbuka miaka yake kumi na tisa bila lalamiko, jinsi alivyoisema barazani, kanisani, kwa wakwe, na jinsi Martina alivyokuwa akinyamaza kila alipoisema.

"Hizi umeandika wewe?" aliuliza, ingawa alijua.

"Kuku wa Mama Anifa hajui kuandika."

"Kila siku?"

"Kila jioni."

Aliona aibu kubwa kuliko ile ya mbele ya kikao, maana hii haikuwa na mtu wa kuicheka.

"Mama Juliana, sasa miaka yote hii kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," Martina alisema, akaligusa daftari kwa kidole. "Hukusoma."

Nuria akafika na fomu, akawapa na kalamu. Juu kabisa paliandikwa jina la mjaribu, na chini yake Gideon Magembe, tayari limechapwa. Gideon alilitazama kwa miwani yake mipya. Akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akampa mkewe kalamu.

"Andika la kwako."

Martina akaiweka fomu juu ya daftari, akaliandika jina lake kwa herufi kubwa, nene, za kutosha mstari wote, ili hata asiyevaa miwani asipate kisingizio.